Chumba Kimya cha Nabuyonga

Ninyi mnaofika kazini kwa kuvuka chumba kimoja, kutoka kitandani hadi mezani, ninawaomba msome haya kabla hamjawasha kompyuta. Nilifanya kazi ya namna hiyo hadi nilipostaafu mwaka jana. Niliifanyia katika nyumba ya zamani mjini Jinja, yenye veranda ya nguzo na rangi inayobambuka, mahali ambapo asubuhi ukungu hupanda kutoka mto Nile ukaja kusimama dirishani kama mgeni asiyetaka kubisha hodi. Ndani ya ukungu huo nilivaa hedifoni na kuingia katika maisha ya watu wasionijua.

Kazi yetu ilikuwa kusikiliza sauti zilizorekodiwa na kuziandika. Mtafiti huzungumza na wakulima, wazee huketi kikao cha ardhi, madereva wa malori huhojiwa mpakani. Kisha sauti zao huletwa kwetu, nasi tunaandika nani alisema nini, wapi alicheka, wapi alinyamaza. Ukiifanya kazi hii muda mrefu, sauti huhamia kwako. Kuna mwanamke wa Busia ambaye sijawahi kumwona kwa macho, lakini kicheko chake kilikaa nami karibu mwaka mzima. Nikichambua mchele, kinacheka. Nikifumba macho kanisani, kinacheka. Nilipomweleza Bi. Zaituni, mwanamke wa Kinubi aliyenifundisha kazi, hakushangaa.

"Wewe bado una bahati," alisema. "Mimi nina mlevi wa Tororo. Miaka saba sasa, anaimba."

Bi. Zaituni alikuwa mkali kuliko mimi, na wanaonijua hawataamini kwamba jambo hilo linawezekana. Zamani zile tulitumia kanda na kikanyagio cha mguu cha kuirudisha nyuma. Kabla hajakuruhusu kuandika neno moja, alikulazimisha usikilize kanda nzima ukiwa umekalia mikono yako, ili vidole visikimbie mbele ya masikio. "Msikilize kwanza mahali alipo," alikuwa akisema, "kisha umsikilize mtu. Ana kuku? Ana mvua? Nani yuko naye chumbani? Ukijua mahali, utajua kwa nini anasema hivyo."

Niliudharau ushauri huo siku moja tu, nikaadhirika. Niliandika mahojiano ya mzee wa Sironko, nikaweka wasemaji watatu: mzee, mhoji, na Msemaji wa Tatu, ambaye kila mara nilimwandikia "anakohoa". Bi. Zaituni alisikiliza, akavua hedifoni, akaniangalia kwa huruma iliyochanganyika na dharau.

"Msemaji wa Tatu ni mbuzi," alisema. "Hata yeye anasikitika kwamba hukumtambua."

Nawasimulia haya ili mjue kwamba nilifundishwa vizuri. Asiyefundishwa akikosea, anasamehewa. Mimi nilifundishwa kusikiliza mahali kabla ya mtu, na hata hivyo nikamwacha mwenzangu akizama mbele ya masikio yangu mawili mazima.

Ule ugonjwa uliofunga miji ulipopita, mwenye kampuni aliona kwamba ofisi yetu ya Jinja haihitajiki tena. Tukapewa kompyuta zetu kama watu wanaogawiwa mirathi, kila mmoja akaenda kwake. Tulikuwa sita, nami nikawa msimamizi. Mashine nayo ikawa imeingia: inaandika rasimu ya kwanza, nasi tunasahihisha. Inaandika haraka, kwa kiburi cha asiyewahi kukiri kwamba hakusikia.

Nilitunga kanuni za kufanya kazi mbali na wenzako. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi kuhusu nidhamu, na niliamini kwamba mtu akiachwa peke yake na mazungumzo, ataoza. Kila siku saa mbili asubuhi kila mmoja aandike katika kundi letu la simu neno moja: "Nipo." Kila Ijumaa atume ujumbe wa sauti wa dakika mbili kueleza kazi ilipofika. Salamu ndefu, picha za harusi, habari za watoto na vichekesho, marufuku. Niliandika kwa herufi kubwa: KUNDI SI BARAZA.

Siku ile ile Khainza, binti wa Mbale aliyekaa mtaa wa Malukhu, mwepesi wa kazi na wa ulimi, alituma picha ya kinywa kilichofungwa zipu. Nilimwonya. Akakubali, "Kale, madamu. Nipo." Basi. Kundi likanyamaza, nami nikadhani nimejenga kitu.

Mtu wa pili wa Mbale alikuwa Afande Ogwang, wa mtaa wa Nabuyonga. Asili yake ni kaskazini. Alikuwa askari wa magereza hadi alipostaafu, akatafuta kazi ya kukaa. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kisichojali kanuni hata moja ya shule, lakini hakuna kati yetu aliyemshinda kuelewa sauti za askari, za wafungwa wa zamani, za madereva wa barabara ya Kenya. Ofisini alikuwa mtu wa mizaha. Alikuwa akipiga saluti mbele ya birika la chai. Alimwita mkewe, Mama Akello, "Kamishna Mkuu". Tangu tuhamie majumbani, mizaha yote ilikuwa imebaki neno moja kila asubuhi, saa mbili kamili, bila kukosa: "Nipo."

Ujumbe wake wa Ijumaa ulinifurahisha kuliko wa wengine. Kwa Khainza kulikuwa na mtoto wa jirani na mlio wa sufuria. Kwa mwingine kulikuwa na karakana ya baiskeli. Kwa Ogwang, baada ya miezi michache, hapakuwa na kitu. Sauti yake ilisimama peke yake, kubwa na safi. Nikamsifu mbele ya wote: "Igeni mfano wa Afande. Chumba kimya, sauti wazi. Huyo anaheshimu kazi." Hakujibu kitu. Hata nilipompigia kumpongeza, hakupokea, aliandika tu, "Asante madamu. Niko kazini." Nikasema moyoni, huyo ndiye mtu.

Kisha ikaja barua ya mteja.

Ilikuwa kazi ya mahojiano ya wajane wazee wa milimani, waliokuwa wakieleza, kwa sauti ndogo ambazo mashine iliziruka, jinsi mashamba yao yalivyochukuliwa. Mteja aliandika kwa adabu inayokata. Alisema kwamba katika kurasa za Ogwang maswali yote ya mhoji, ambaye ni mwanamume mwenye sauti nzito, yameandikwa barabara. Lakini majibu ya wale mama hayapo. Mahali pa majibu pameandikwa kwenye mabano: "anaitikia kwa kichwa". Ukurasa baada ya ukurasa, wajane wanaitikia kwa kichwa. Aliuliza, kwa kuwa alituletea sauti tupu bila picha, mwandishi wetu aliwaonaje wakitikisa vichwa? Alitaka mwandishi huyo asiguse tena kazi yake, la sivyo angeondoka na kazi zote.

Ninyi mnaojua kazi hii mnaelewa uzito wa kosa hilo. Kwetu, mtu asiposikia, anaandika "haisikiki". Ni neno la aibu kidogo, lakini ni la kweli. Na mimi, miezi mitatu kabla, nilikuwa nimetangaza kwamba "haisikiki" zaidi ya tatu katika ukurasa mmoja ni uvivu. Sikuunganisha mambo hayo mawili. Niliona uongo, na uongo ndio dhambi niliyoizoea kuikemea. Niliandika barua ya kumwachisha Ogwang kazi. Ilikuwa barua nzuri, yenye aya nne na methali mbili. Niliichapa, nikaitia katika bahasha.

Sijui ni nini kilichonizuia kuipeleka posta siku ile. Labda ni haki tu. Nilitaka kuambatanisha ushahidi wa mwenendo wake, nikaona nisikilize tena ujumbe wake wote wa Ijumaa, tangu wa kwanza. Mvua ilikuwa ikinyesha Jinja, ile mvua ya mchana inayotoka ziwani na kulifanya jua kuwa jeupe. Nilivaa hedifoni, na bila kukusudia, nikakalia mikono yangu.

Ujumbe wa kwanza: kinu kinalia. Kuku. Redio ya jirani inatangaza vifo. Watoto wa shule wanapita wakiimba jedwali la kuzidisha. Mama Akello anasema kitu, Ogwang anacheka kabla hajataja kazi. Ujumbe wa tano: kuku hawapo. Wa nane: kinu hakipo; Mama Akello anauliza jambo kwa mbali, naye anamfokea, "Nyamaza, mimi iko kwa kazi!" Wa kumi: watoto wa shule wamekuwa kama watu wanaopita ng'ambo ya ndoto, wamefunikwa na kitu kizito. Wa kumi na mbili: hakuna watoto, hakuna mke, hakuna hata inzi. Na ile sauti niliyoisifu kwa ukubwa na uwazi ilikuwa ikipanda, Ijumaa baada ya Ijumaa, mpaka ya mwisho ilikuwa ya mtu anayepiga kelele.

Nyumba nzima ilikuwa imehama kutoka masikioni mwangu, chombo kimoja kimoja, nami nilikuwa nimesimama mlangoni nikipiga makofi.

Nikampigia Khainza.

"Kutoka kwako Malukhu hadi kwa Afande ni mwendo gani?"

"Kwa miguu? Nusu saa, madamu, na hapo nimesimama kununua maembe."

"Umemwona lini mara ya mwisho?"

"Tangu ofisi ifungwe sijamwona."

"Nusu saa kwa miguu, Khainza!"

"Madamu, si wewe ulisema kundi si baraza? Nikimwandikia pembeni hapokei, ananijibu 'Nipo'. Mimi ni nani nibishe? Kama mtu yuko, yuko."

Nilistahili. Nikamwomba aende saa ile ile, na akaenda, katika mvua, bila kuuliza nauli wala sababu. Baada ya saa moja simu ikalia.

"Madamu, kaa kwanza."

"Nimekaa. Sema."

"Nimegonga mlango mpaka mkono umeuma. Jirani akaniambia, 'Wee nyabo, dada, huyo hafungui, lakini yumo.' Nikazunguka dirishani. Madirisha yote ameziba kwa mablanketi. Nikamwita. Wapi! Basi nikamwandikia ujumbe: 'Afande, niko mlangoni pako nalowa.' Ndipo akafungua. Bambi, maskini, madamu, amekonda. Amesimamisha godoro ukutani kuzuia sauti ya barabara. Kuku aliuza. Mama Akello amemrudisha kwa binti yao Soroti, eti sufuria zake zinamharibia kazi. Madamu… hasikii. Mimi nikiongea anaangalia mdomo. Sauti za wanawake ndizo zimemkimbia kabisa. Anarudia dakika moja ya kanda mara ishirini, mara thelathini, tangu alfajiri. Amekaa humo kama mfungwa, na yeye ndiye askari."

"Yuko karibu nawe?"

"Yuko hapa. Nimemchemshia uji. Anakunywa, anaona haya."

Nilikwenda Mbale kesho yake kwa basi la kwanza. Mvua ilikuwa imekatika. Kwenye ukingo wa mlima Wanale maporomoko madogo yalikuwa yakining'inia kama nyuzi nyeupe ambazo mtu amesahau kuzikata, na mji ulikuwa chini yake, umelowa, unang'aa, hauna habari nami. Ogwang alikuwa ananingoja mlangoni. Alikuwa amepiga pasi shati na kusimama wima, mikono ubavuni. Khainza alikuwa ameshusha mablanketi yote, na mwanga ulikuwa umeingia chumbani kwa wingi wa kuonea haya.

"Madamu," alisema, kwa sauti iliyofika hadi kwa majirani, "mimi najua barua iko kwa mkoba."

Ilikuwa kwenye mkoba. Nilikuwa nimeibeba, na sitawadanganya kwamba niliibeba kwa bahati mbaya. Nilikuwa bado sijajua ni mtu gani nitakayekuwa nikifika pale.

Nikaketi mbele yake, mahali pa kuonekana, nikasema polepole, "Kwa nini hukutuambia?"

"Ningeambia wapi?" Hakusema kwa hasira; ningependelea hasira. "Pale kwa simu iko neno moja tu. Mimi naandika hiyo neno. Kule magereza, askari akisema iko mgonjwa, anapewa kitanda. Kwako, madamu, mtu akisema hasikii, anapewa barua. Basi mimi nikasema, wacha nifunge dirisha kwanza. Halafu kuku. Halafu Kamishna Mkuu. Yeye alilia, madamu. Mimi sikusikia. Niliona tu."

Khainza aligeuka, akajifanya anatafuta vikombe.

"Na wale wajane?" niliuliza, kwa kuwa huruma isiyouliza juu ya wajane isingekuwa huruma. "Wewe uliandika wanaitikia kwa kichwa."

Aliinamisha macho. "Midomo yao ilikuwa inaenda, hiyo najua. Mtu anaulizwa, lazima anajibu. Mimi nilikuwa naona kama kwa ndoto, mama mzee ananiangalia, anatikisa kichwa hivi. Nikaandika. Ni uongo, madamu. Hiyo, mimi iko na hatia."

Kisha yeye ndiye aliyenifundisha, yule niliyekwenda kumfukuza.

"Kule kwa gwaride ya asubuhi," alisema, "askari wote wanajibu 'Afande!' Hiyo jibu haina maana, hata mwenye kufa kesho anajibu. Mimi nilikuwa naangalia buti. Mtu aliyekuwa anapaka rangi kila siku, leo buti chafu: namuita pembeni. 'Nyumbani kuko nini?' Si kumpiga. Kumuuliza. Sasa wewe, kwa simu, unaangalia buti gani?"

Jibu lake ninalo leo, nalo ndilo lenye manufaa zaidi katika waraka huu wote. Mwenzako wa mbali ana buti, ukitaka kuziona. Mtu wa mizaha anapoacha mizaha. Mtu wa kupiga simu anapoanza kuandika tu. Kazi inayotumwa alfajiri na mtu uliyemjua kuwa mlalaji. Jibu linalofika upesi mno, kama la anayeogopa kuulizwa la pili. Sauti za nyumba zinazopungua. Wala usimuulize "Uko sawa?" kwa kuwa swali hilo limebeba jibu lake mgongoni. Muulize, "Leo umekula na nani?" Muulize kitu ambacho hakijibiki kwa neno moja, kisha ukalie mikono yako umngoje.

Barua niliichana pale pale, lakini msidhani kuchana karatasi ndiyo wema wenyewe. Wema ulikuwa na kazi nyingi. Nilimwandikia mteja kwamba mwandishi alikosea kwa kutosikia na msimamizi alikosea zaidi, na kwamba kazi itarudiwa yote na mwingine, Ogwang akibaki msomaji tu. Akakubali kwa sharti moja: jina la msimamizi liwe chini ya kila ukurasa. Ogwang alikwenda kwa daktari wa masikio. Sikio la kushoto halitarudi, la kulia lilipewa kifaa. Mara mbili kwa wiki alitembea hadi Malukhu, akaketi meza moja na Khainza. Khainza alisikiliza wajane na kuandika. Ogwang alisoma alichoandika na kumsimamisha. "Hapa iko kitu," angesema. "Mama hawezi kuruka kutoka shamba mpaka mahakama namna hii. Rudisha nyuma." Khainza angerudisha, na kweli, palikuwa na sentensi nzima imejificha chini ya mvua. Katika maisha yangu sijaona kurasa zilizokuwa kamili kama zile. Baadaye Mama Akello alirudi kutoka Soroti, na sharti lake lilikuwa kwamba atatwanga atakapo.

Lakini yote hayo yasingetosha kama lile kundi lingebaki kaburi. Niliufuta ule ujumbe wa herufi kubwa. Ijumaa iliyofuata, badala ya ripoti za sauti, tuliitana kwa simu ya picha, sote sita, ili Ogwang aone midomo. Nilikuwa nimepanga kueleza mwenyewe yaliyotokea, kwa maneno yaliyochaguliwa. Ogwang alininyima nafasi hiyo.

"Watu yangu," alisema, uso wake ukiwa karibu mno na kioo, pua yake ikizijaza simu zetu. "Sikio yangu ya kushoto imekufa. Mimi nilificha. Niliandika uongo kwa sababu ya kuogopa. Sasa nyinyi mnajua. Nani anacheka, acheke sasa, kwa sababu kesho mimi sitasikia."

Tulicheka, na wengine walikuwa wakifuta macho. Kisha, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaoweka mizigo chini bila kuamriwa, wakaanza kusema. Mmoja alikuwa amefiwa na baba, akarudi kazini baada ya siku mbili bila kumwambia mtu. Khainza alikuwa hajalala vizuri tangu Februari. Sauti za wajane wa kurasa zake mwenyewe zilikuwa zikimwamsha. Miezi yote ile walikuwa wameandika "Nipo", saa mbili kamili, nami nilikuwa nikihesabu.

Mazungumzo yalipotulia, nilikohoa ili nifunge kikao.

"Bado," alisema Ogwang. "Na wewe, madamu? Wewe uko namna gani?"

Nilifungua kinywa kusema "Salama." Ni neno jepesi, nililitumia maisha yangu yote. Halikutoka. Nje ya dirisha langu ukungu ulikuwa ukipanda kutoka mtoni, na nyuso tano zilikuwa zikinitazama kutoka vyumba vitano, wala hakuna aliyenisaidia kwa neno.

"Tangu ofisi ifungwe," nilisema hatimaye, na sauti yangu ilikuwa ndogo kuliko nilivyoijua, "hakuna mtu aliyekula mezani pangu."

Ogwang aligeuza sikio la kulia, kisha akatikisa kichwa na kuurudisha uso.

"Hiyo sijapata, madamu. Sema tena. Polepole."

Nikainua uso wangu mahali penye mwanga, ili aone midomo, nikasema tena.